Vikopo Saba vya Chimala

Iringa,
9 Februari 2025

Yusta mwanangu,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba kifua kikuu hushuka kwenye basi pamoja na vibarua, kikiwa na begi lake mkononi. Nimesoma ujumbe wako wa simu, ule unaosema "BM wanakuja kupima wageni TB inakuwaje hapo" (BM ndiye mimi, Baba Mkubwa), nikaona nikujibu kwa kalamu. Swali kama hilo halienei kwenye kioo cha simu, na mimi nikianza kueleza huwa sina breki.

Salamu kwanza. Sisi hatujambo. Mama yako mkubwa goti linamsumbua tangu mvua zianze. Asubuhi hawezi kuinuka kuchukua chumvi, jioni anapanda mlima kwenda mazoezi ya kwaya. Mimi ni mzima. Tangu nistaafu kazi ya uafisa tabibu hakuna anayenisikiliza isipokuwa kuku, na hao nao huondoka katikati ya maelezo.

Jumamosi alifika mshenga wa kina Zabron kutoka Iyunga, amevaa koti lililoshonewa mtu mwingine, akatukabidhi barua ya kukuposa. Nimeipokea kwa heshima zote na kuiweka kabatini nyuma ya sukari. Sijaifungua. Marehemu baba yako Danieli angekuwepo angeifungua yeye, lakini hayupo, na kaka yake hana tabia ya kujibu mambo upesi.

Sasa swali lako. Hao vijana wanaokuja kupandikiza mpunga kwa tajiri wako Halfani wanatoka Makete, Njombe na Mufindi, kwenye hewa baridi na safi. Wengi wanafika wazima kabisa. Mnawalaza kwenye ghala moja, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mbu wasiingie. Mbu kweli hawaingii. Hewa nayo haiingii. Humo ndani akiwepo mtu mmoja mwenye ugonjwa, anatosha kuwagawia wote. Kisha wenyeji wanasema wageni wametuletea kifua kikuu, nanyi mnaitikia.

Jua pia kwamba kuna hali mbili. Ya kwanza, vimelea vimeingia mwilini vikalala. Mtu huyo hakohoi, hakondi, hamwambukizi mtu, na anaweza kukaa hivyo miaka mingi. Ya pili, vimeamka. Huyo ndiye mgonjwa, na huyo ndiye anayeambukiza. Wanaopima wanatafuta hali zote mbili: aliyeamkiwa atibiwe, na aliyelaliwa apewe dawa ya kinga visije vikaamka. Hawatafuti mtu wa kumrudisha kwao. Mwambie Halfani sentensi hiyo polepole, mara mbili.

Na kuna mmoja hapo kambini asiyejua kukohoa kwenye kikopo cha makohozi: mwanao Blessing. Ana miaka miwili, anashinda jikoni kwako na anavuta hewa ileile. Mtaje kwa muuguzi.

Andika kwa kalamu na umpe kondakta. Kwenye simu unanijibu "poa".

Baba yako mkubwa,
Eliezeri


Chimala,
2 Machi 2025

Baba Mkubwa, Kamwene.

Natumaini barua hii inawakuta wazima, na goti la mama mkubwa limepata nafuu. Nisamehe kwa kuchelewa. Ni msimu wa kupandikiza, ninapika sufuria mbili za ugali mchana na moja usiku, na kondakta wa kwanza niliyemkabidhi barua alishuka nayo Makambako akaisahau hotelini. Hii ni ya pili.

Huku tunaendelea. Maji ya mashamba yametosha mwaka huu. Blessing hajambo, ila amepungua kidogo, ni joto la Chimala.

Ile timu ilikuja. Gari lao la kupiga picha za kifua liliharibika njiani, kwa hiyo wakauliza maswali tu na kugawa vikopo. Halfani alitangaza kwamba kila anayelala ghalani, hata nyapara, arudishe kikopo asubuhi, na asiyerudisha akafunge mzigo wake. Muuguzi wao anaitwa Hanifa, mama mpole lakini macho yake hayapepesi. Alisema mtu akiamka, kabla ya kupiga mswaki, akohoe kutoka ndani kabisa. Asubuhi akakuta vikopo vyote saba vimepangwa kwenye meza yangu, vimejaa vizuri. Akatusifu kwa ushirikiano. Alisema kambi nyingine wanampa mate.

Majibu yamekuja, Baba Mkubwa. Vibarua wote sita wana kifua kikuu. Sita kwa sita. Wameanza dawa za miezi sita, na kila asubuhi wanapanga mstari kumeza mbele ya Hanifa au mbele yangu. Halfani hakuwafukuza kwa sababu hapati wengine katikati ya msimu, lakini sasa anaongea nao akiwa ng'ambo ya mfereji. Mjini wanasema si mnaona, watu wa Makete hao.

Aliyetoka msafi ni mmoja tu, naye ni nyapara wao, Zabron. Nadhani sasa unaona ni mtu wa namna gani anayeomba kuwa mkwe wako. Analala ghala moja na wagonjwa sita na ugonjwa umemkwepa. Anabeba magunia mawili kwa mpigo, na sasa anafanya na kazi za wale waliolegezwa na dawa. Kule kanisani ndiye besi peke yake, wengine wananung'unika tu.

Mshenga anauliza kama barua ilifika. Nimjibu nini?

Mwanao,
Yusta


Iringa,
10 Machi 2025

Yusta mwanangu,

Tumepokea barua yako na tumefurahi kwamba Makambako sasa wana ya kwao ya kusoma. Mama yako mkubwa anakusalimu. Goti limepona siku ya harusi ya jirani na kuugua tena siku ya kufua.

Nimesoma habari za kambi yenu kwa mshangao wa kitaalamu. Nilifanya kazi kwenye kliniki ya kifua kuanzia nikiwa na nywele nyeusi hadi nilipozikosa kabisa, na sijawahi kuona ghala moja likipata wagonjwa sita kwa mpigo, vijana, wenye misuli, waliofika wakiimba. Unasema walikuwa hawakohoi? Kumbe hukusema. Basi nakuuliza: walikuwa wanakohoa?

Ngoja nikueleze jambo ambalo watu hawalijui kwa sababu si la kuongea mezani. Mtu mzima mwenye afya akiamka hana makohozi. Nilikuwa nikimpa kikopo mtu mzima asiye na ugonjwa, anakaa nacho nje ya kliniki, anajikakamua mpaka shingo inavimba, anarudi na mate na aibu. Tulikuwa tunamwambia aende zake kwa amani. Kikopo kilichojaa vizuri, kizito, cha kusifiwa na muuguzi, hicho ni cha mtu mwenye jambo kifuani. Ninyi mmetoa saba. Hanifa kawasifu kwa wema wake. Mimi si mwema kiasi hicho.

Kwa hiyo nina maswali matatu. La kwanza: vikopo hivyo vilijaziwa wapi, na nani aliona? La pili: kuna mtu hapo kambini ambaye kila asubuhi husafisha koo lake kwa kelele mpaka kuku wanatawanyika? La tatu: umempeleka Blessing kwa Hanifa? Joto la Chimala nalifahamu. Linatoa jasho, halikondeshi watoto.

Kisha kuna suala la redio. Juzi ulipompigia mama yako mkubwa alfajiri, nyuma yako alisikika mtu akikohoa, sauti nene, ya besi. Ulipoulizwa ulisema ni redio. Nasikiliza redio tangu enzi za betri sita na sijawahi kukutana na kipindi hicho. Kinaitwaje, nami nikitegeshe?

Mshenga mjibu kwamba barua ilifika salama na inakaa vizuri.

Baba yako mkubwa,
Eliezeri


Chimala,
6 Aprili 2025

Baba Mkubwa, Kamwene.

Ninyi wazima? Sisi tunashukuru. Mpunga umeshika. Blessing anasumbuliwa na meno ya nyuma, usiku ana joto na hapendi kula. Meno yakishatoka mwili utamrudia.

Nimekaa na barua yako karibu mwezi mzima kwa sababu ilinikasirisha. Nilitaka niandike kwamba redio ilikuwa redio, nifunge bahasha. Lakini sasa Peter, yule kijana wa Makete mdogo kuliko wote, macho yamegeuka manjano. Anatapika kila anachokula. Ugali wangu hata harufu yake haitaki. Anasema ni dawa. Na mimi najua kwamba dawa hizo hakupaswa kuzimeza, na nikiendelea kunyamaza nitakuwa namlisha kwa mkono wangu mwenyewe.

Basi sikia. Jioni ile vikopo vilipogawiwa, wanaume walikaa nyuma ya jiko wakikohoa bila kupata kitu. Peter alikohoa mpaka akatoa machozi. Na Halfani alishasema asiyerudisha kikopo afunge mzigo. Wao walidhani kikopo kitupu ni sawa na kugoma, kwamba mwenye kifua kizuri ndiye anayetoa. Zabron akawacheka. Yeye kila asubuhi anatoa, ndivyo alivyo tangu mwaka jana, anasema ni vumbi la pumba mashineni. Akawaambia, "Leteni hapa. Ninyi watu wa baridi hamna kifua."

Alfajiri akavijaza, kimoja kimoja, wenzake wamempangia mstari kama watu wanaosubiri maziwa. Walimshukuru sana. Alipofika chake cha saba, kifua kilikuwa kimekauka. Akatema mate, akafunika. Mimi nikavipanga mezani.

Ni ukarimu tu, Baba Mkubwa. Hakuna aliyemtakia mwenzake mabaya. Na bado nasema mashine yao ya kupimia makohozi ni ya ovyo. Makohozi ya mtu mmoja mzima wamesema ni ya wagonjwa sita, halafu yake mwenyewe wakasema hana kitu. Huoni kama wanabahatisha?

Sijamwambia Hanifa. Nikisema, Halfani atamfukuza nyapara wake, nawe utamrudisha mshenga na koti lake. Nishauri nimsaidieje Peter bila kumtaja mtu.

Mwanao,
Yusta


Iringa,
9 Aprili 2025

Yusta,

Wote wazima. Salamu ni hizo, leo zitatosha.

Umeniuliza kama mashine inabahatisha. Mwanangu, ni mashine pekee iliyofanya kazi yake hapo kambini. Imepewa makohozi ya mtu mmoja mara sita, nayo imesema mara sita, bila kuchoka, kwamba mwenye makohozi haya anaumwa kifua kikuu. Ikapewa mate, ikasema haioni kitu kwenye mate. Hata mimi nisingeona. Ninyi mlitafuta mtu wa kuwakopesha makohozi, na kati ya wote mkamchagua aliyekuwa nayo mengi. Mngeweza kumchagua mwingine kama mngempata, ila wengine walikuwa wazima.

Kwa hiyo hesabu yenu imekaa hivi: wazima wanameza dawa, mgonjwa anabeba magunia na kuwasimamia. Wageni wametengwa ng'ambo ya mfereji, na mwenyeji wa Iyunga analala nao usiku na kuwakoholea. Na Chimala nzima inawaonya watoto dhidi ya watu wa Makete.

Magunia mawili kwa mpigo si cheti. Kifua kikuu hakianzi kwa kumkondesha mtu siku ya kwanza. Kinaweza kukaa na mtu mwenye nguvu muda mrefu, anakula vizuri, anaimba, anasingizia pumba. Hiyo "tangu mwaka jana" uliyoiandika kana kwamba ni sifa ndiyo iliyonifanya niweke miwani mezani.

Umeomba ushauri wa kumsaidia Peter bila kumtaja mtu. Hakuna. Dawa zile ni nzuri kwa mgonjwa, lakini zinaweza kuumiza ini, na macho ya manjano ndiyo ini linavyopiga kelele. Ukipata barua hii nenda kwa Hanifa, umweleze yote kama ulivyonieleza mimi. Usipambe. Hata ile ya maziwa mwambie, ataelewa haraka.

Kuhusu posa: barua bado iko nyuma ya sukari. Nitaifungua siku Zabron atakapokwenda kwa Hanifa na kifua chake mwenyewe, akakohoe mbele yake. Simkatai kwa sababu anaumwa. Kuumwa kunatibika, na mtu aliyetibiwa ni mtu kamili, anaoa na anazaa. Nitamkataa akijua kwamba anaumwa na bado akaendelea kukohoa juu ya watu wangu.

Sasa nakuuliza swali ambalo mchungaji angekuuliza kwa sababu nyingine: Zabron analala wapi? Unaandika "analala ghala moja na wagonjwa". Ile simu ya alfajiri hukuipiga ghalani. Ninavyojua chumba chako ni kimoja, na kitanda cha Blessing kiko miguuni pa chako.

Umeniambia joto, kisha meno. Nasubiri la tatu.

Baba yako mkubwa,
Eliezeri


Chimala,
18 Mei 2025

Baba Mkubwa, Kamwene.

Shikamoo wewe na mama mkubwa. Habari za huku ni nyingi, na nyingine utazipenda.

Nilikwenda kwa Hanifa siku ileile niliyopata barua yako. Nilimweleza mpaka mwisho. Alivua miwani, akaipangusa, akavaa, akaniuliza kama bado kuna kitu kingine nimekificha. Peter wakamsimamishia dawa papo hapo, wakampeleka kulazwa. Amerudi, macho meupe, anakula kwa fujo. Wale wengine watano nao wamesimamishiwa.

Kisha wakawapima upya, safari hii picha ya kifua ikiwemo, maana gari limepona, na wakachomwa ile sindano ndogo ya chini ya ngozi mkononi, ukivimba baada ya siku chache ujue vimelea vimo. Wawili wamevimba. Picha zao safi, hawakohoi, ni wale unaowaita waliolaliwa, wamepewa dawa ya kinga. Waliobaki hawana kitu. Peter, aliyeumwa kuliko wote, hana hata kimelea cha kulala.

Hanifa aling'oa magunia ya madirishani kwa mikono yake. Halfani alilalamika kuhusu mbu, akaambiwa anunue vyandarua, na kwa kuwa anashinda ghalani humo akapime na yeye. Jioni hiyo alikumbuka kwamba ana safari ya haraka ya Mbeya. Alirudi baada ya siku nne, Hanifa akiwa anamsubiri kwenye kiti chake.

Zabron alikataa kupimwa, wiki tatu. Alisema yeye ana cheti cha kuonyesha kwamba ni msafi. Nikamwambia cheti hicho ni cha mate yake. Alinuna, akahamishia chakula chake kwa mama lishe wa barabarani. Nikiri kwamba nami sikumsukuma sana, niliogopa atapanda basi aende zake na barua ya posa ibaki huko kabatini milele. Aliyemmaliza ni Peter. Alimfuata mfereji ulipo, mbele ya wavunaji wote, akamwambia kwa adabu kabisa:

"Kaka, ulinikopesha ugonjwa, nimeuuguza mpaka nimelazwa. Nimechoka nao. Njoo uuchukue."

Watu walicheka mpaka mundu zikaanguka. Zabron naye alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha. Aliposimama alikuwa ameshika magoti na hakuna aliyekuwa anacheka. Alikwenda kwa Hanifa na nguo zilezile za shambani.

Anacho, Baba Mkubwa. Picha imeonyesha upande wa juu wa kulia. Ameanza dawa. Hanifa amesema kwa wiki za mwanzo alale peke yake, kwa hiyo amehamia chumba cha stoo kilicho na dirisha. Nimeandika "amehamia", nami najua utaona amehamia kutoka wapi. Basi. Umejibiwa.

Mimi pia walinichoma ile sindano na mkono umevimba. Picha yangu ni safi. Nameza dawa ya kinga, inanifanya mkojo uwe mwekundu kama soda, lakini sijambo.

Blessing anawasalimu. Ana minyoo nadhani, nitamnunulia dawa dukani.

Sasa, kwa heshima zote: ulisema utafungua barua akienda. Amekwenda.

Mwanao,
Yusta


Iringa,
22 Mei 2025

Yusta mwanangu,

Salamu kutoka kwa mama yako mkubwa, ambaye ameacha kuongelea goti tangu juzi.

Nimeifungua barua ya posa. Ni kurasa mbili, mwandiko mzuri. Wazee wa Iyunga wanatufahamisha kwamba wanatuletea "kijana mcha Mungu, mchapakazi, mwenye afya tele na kifua kipana". Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Nitaitunza, mtasomewa siku ya harusi mtake msitake.

Jibu langu nimelikabidhi kwa mshenga leo asubuhi. Nimekubali. Nimeandika kwamba familia haina mahari ya kutaja kwa sasa isipokuwa kijana amalize dawa zake zote, siku zote, hata atakapojisikia mzima, maana wanaojisikia wazima ndio huziacha njiani. Akishamaliza, waje tuzungumze mengine. Mwambie Zabron nimempenda tangu niliposikia alikwenda na nguo za shambani. Mwambie pia Peter kwamba akija Iringa analala kwangu.

Umejibu maswali yangu yote, hata lile la chumba. Umeruka moja, na umeliruka katika kila barua. Februari nilikuomba umtaje Blessing kwa muuguzi. Machi ukaniambia joto. Aprili, meno. Mei, minyoo. Kwa miezi mitatu mtoto anapungua uzito, ana joto usiku, hataki kula, na alikuwa akilala miguuni pa mtu anayekohoa. Ungeletewa habari hizo za mtoto wa jirani ungeninyang'anya kalamu uandike jibu mwenyewe.

Nilikueleza kwamba vimelea vinaweza kulala miaka mingi. Nilikuwa naongelea watu wazima. Kwako vimelala, kwa wale vijana wawili vimelala, na dawa ya kinga itavimaliza humohumo usingizini. Mtoto wa miaka miwili mwili wake bado haujui kuvibembeleza. Kwake vinaweza kuamka upesi, na havianzi kwa kukohoa kwa besi kama mkwe wangu. Vinaanza kwa mtoto kukonda na kuchoka kucheza, na mama yake akitafuta jina jingine la kuviita.

Sikulaumu. Najua kwa nini ulimpeleka Peter, ukamhimiza Zabron, ukajipeleka wewe, ukamwacha yeye nyumbani. Unaogopa utakachoambiwa. Mimi pia naogopa. Naandika nikiwa nimesimama, na kuku wamekaa kunisikiliza kwa mara ya kwanza. Lakini akiwa hana kitu atapewa kinga, na akiwa nacho atapewa dawa za watoto, na watoto huzipokea vizuri kuliko sisi. Yote mawili yana dawa. Duka la minyoo halina dawa ya lolote kati ya hayo.

Barua hii nimempa dereva mwenyewe, si kondakta, na nimemwomba asishuke Makambako. Utaipata asubuhi.

Leo, kabla hujawasha jiko la kambi, mbebe Blessing umpeleke kwa Hanifa.

Eliezeri